Chota Chini ya Gunia

Mogitu, 14 Juni 1987

Mpendwa mdogo wangu Hermani,

Pokea salamu za huku kwenye baridi. Sisi wazima, tunapumua, na usiponiandikia mimi nitaendelea kukuandikia mpaka uone aibu. Mama yuko palepale kijijini Daudi. Goti linamsumbua lakini mdomo haujaumwa hata siku moja. Anauliza kama ni kweli huko Dar es Salaam unakula samaki. Nimemwambia sijui. Usinitie mimi kwenye uongo wako, mjibu mwenyewe.

Shemeji yako Sulle wamempeleka kambi ya mbali ya shamba la ngano, kwenye mashine za kuvuna. Anakuja Jumapili, akikosa lifti haji. Konsolata amepona surua lakini mwili haujarudi. Ana miaka mitatu na nikimbeba naona kama nimebeba kanga zake tu. Hapa maziwa yamekuwa shida, Hermani. Ngano imefika mpaka pale tulipokuwa tunachunga. Majirani zetu wafugaji wamesogeza ng'ombe mbali sana, na maziwa yameondoka nao.

Sasa nisikilize. Sista Severine wa zahanati ametufundisha sisi akina mama kukusanya ule ukoga wa kijani unaoelea kwenye ziwa la magadi. Tunauchuja kwa kitambaa, tunauanika kwenye turubai, tunautwanga unakuwa unga. Kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto. Tulimcheka kwanza, tukamwambia hicho ni chakula cha wale ndege wekundu, sio cha watu. Lakini nimempa Konsolata wiki tatu na jana amemkimbiza kuku. Alianguka, lakini alimkimbiza.

Sista anataka kuwagawia watoto wote kumi na tisa wa kituo cha lishe. Ila anasema ukoga mwingine una sumu yake wenyewe, hakuna mtu aliyeitia, unazaliwa nayo. Hataki kugawa mpaka upimwe. Nikamwambia nina mdogo wangu, kazi yake ndiyo hiyo. Nilijisifu mbele ya watu, kwa hiyo usiniangushe.

Dada yako,
Kornelia

&nbsp;

Dar es Salaam, 20 Julai 1987

Dada Kornelia,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya mwezi mzima na imenifurahisha sana. Mimi ni mzima, joto tu ndilo linanionea. Mwambie Mama shikamoo, na kuhusu samaki mwambie barua ilichanika hapo.

Upimaji huo tunaufanya. Mkuu wangu, mzee Joakimu, amenikubalia niufanye mwenyewe baada ya kazi za serikali. Unga tunauloweka, maji yake tunawadunga panya weupe tumboni, halafu tunakaa kuwaangalia saa kwa saa. Kama kuna sumu, panya analala, anapauka masikio, anakufa. Tukimpasua tunakuta ini limejaa damu. Kama hakuna, kesho yake anakula kama kawaida.

Nitumie kopo moja la huo unga. Mpe dereva wa malori ya ngano, wanashuka huku kila mwezi. Sitakuchosha na maelezo mengi, wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu.

Mbusu Konsolata. Mwambie mjomba anasema aache kuku wa watu.

Mdogo wako mtiifu,
Hermani

&nbsp;

Mogitu, 30 Agosti 1987

Mpendwa Hermani,

Marahaba, na Mama naye anasema marahaba, ila ameshajua kwamba barua haikuchanika.

Huku vumbi. Ziwa limekauka mapema mwaka huu, limebaki chumvi nyeupe. Lakini akina mama hatukukaa bure, magunia manne yamejaa na yako nyumbani kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye bati lisilovuja. Sista anakuja kuyaangalia kila wiki kama mtu aliyepeleka posa.

Dereva anaitwa Xavery, ni kijana wa hapa hapa, mwaminifu. Amebeba kopo la unga lililofungwa kwa kitambaa changu cha Pasaka. Kitambaa unirudishie. Ndani nimekuwekea na mahindi ya kuchoma uliyokuwa unayapenda, ingawa najua yatafika magumu kama mawe.

Konsolata anaweza sasa kutaja jina lako. Anasema "Hemani". Hiyo itatosha kwa mwaka huu.

Dada yako,
Kornelia

&nbsp;

Dar es Salaam, 2 Oktoba 1987

Dada Kornelia,

Shikamoo dada. Natumaini hamjambo wote. Nina habari njema nikashindwa kusubiri mwisho wa mwezi.

Panya sita, wote wazima! Niliwadunga Jumatatu, nikalala hapa hapa maabara kwenye benchi. Asubuhi walikuwa wanagombania mahindi yako. Nimewapasua wawili, maini yao safi kabisa. Mzee Joakimu aliangalia, akauliza maswali yake mawili matatu, mwisho akapiga muhuri. Cheti nimekiambatisha. Mpe Sista, waanze kugawa.

Dada, nimeona unga mwingi katika kazi hii, dawa za Wazungu na za kwetu. Sijawahi kuona kitu safi kama huu wenu. Hauna hata punje ya mchanga. Nilimwonyesha kila mtu nikasema umetoka kwetu.

Konsolata umpe vijiko viwili, badala ya kimoja. Nataka nikija Krismasi nimkute ameshiba.

Mdogo wako,
Hermani

N.B. Kitambaa nitakuja nacho mwenyewe.

&nbsp;

Dar es Salaam, 15 Novemba 1987

Dada,

Shikamoo. Hujajibu. Najua posta zetu, lakini Xavery naye hajapita. Cheti kimefika? Watoto wameanza? Niandikie hata mistari miwili.

Hermani

&nbsp;

Dar es Salaam, 29 Novemba 1987

Dada yangu Kornelia,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Xavery amefika jana. Aliposhuka kwenye lori alivua kofia, nikajua.

Konsolata. Mungu wangu. Tangu tarehe thelathini na moja Oktoba, na mimi nilikuwa nakuandikia kukuuliza habari za cheti. Nimelia mbele ya Xavery na mbele ya wapangaji wote, sijali. Niliomba ruhusa nije, nikaambiwa mtoto wa dada si wa kwenye orodha ya misiba inayopewa ruhusa. Pole dada. Pole shemeji. Surua ile ilimmaliza nguvu, nafikiri, sisi tukadhani amepona.

Lakini kuna jambo limenikera na lazima niliseme. Xavery anasema wazee wamekuweka kwenye metimani. Eti nyumba iliyofiwa na mtoto haitembelewi, moto wake hauombwi, na kitu kilichomo ndani hakitoki mpaka wao waseme. Na magunia yamo humo! Dada, wewe umebatizwa, umefunga ndoa kanisani. Watoto kumi na tisa wanakosa chakula kwa sababu ya mambo ya babu zetu? Walipaswa kuanza Jumatatu ile ile ya tarehe mbili. Nakuomba kama mdogo wako, kwa jina la Konsolata mwenyewe, fungua mlango utoe unga ule. Cheti unacho. Una muhuri wa serikali, wazee wana nini?

Nisamehe kwa ukali. Nina uchungu.

Hermani

&nbsp;

Dar es Salaam, 3 Januari 1988

Dada Kornelia,

USIGAWE UNGA. Kama umeshagawa, waambie waache leo hii. Nimetuma na simu ya maandishi, na Sista nimemwandikia. Ile barua yangu ya Novemba ichome.

Xavery alipita tena juzi. Tulikuwa tunaongea tu, akasema watu wa Mogitu wanasimulia macho ya mtoto yalikuwa ya njano na tumbo limevimba. Surua haifanyi hivyo. Nikamuuliza, huo unga mliutoa wapi, si ziwa lilikauka? Akasema ziwani walimaliza Juni. Magunia yale ni ukoga wa bwawa la shamba.

Dada, kopo ulilonitumia lilikuwa la wapi?

Sijakuuliza kwa ubaya. Nijibu tu.

Hermani

&nbsp;

Mogitu, 20 Machi 1988

Mdogo wangu Hermani,

Marahaba. Mama yuko hai. Mahindi yamefika magotini. Sulle amekonda lakini yuko kazini.

Barua zako tatu nimezipata siku moja, Jumamosi iliyopita, siku wazee waliponitoa kwenye metimani. Nakwambia zote tatu, na simu ya maandishi juu yake, zimefungwa kwa uzi. Zilikuwa kwenye sanduku la Basili, katekista. Anakwenda Katesh kuchukua barua za parokia, lakini kuniletea mimi hakuthubutu. Katekista mzima! Jumapili anahubiri kwamba mila zimekwisha, Jumatatu anapita mbali na uzio wangu kama mtu aliyeona nyoka. Nilitaka kumtukana. Kisha nikazisoma, nikaenda kumshukuru, na yeye hakuelewa anashukuriwa nini.

Ngoja nikueleze polepole.

Cheti nilikipata. Barua yako ya Oktoba ndiyo ya mwisho iliyonifikia kwa wakati, tarehe kumi na tisa. Baada ya hiyo ni hizi tatu tu. Sista alikisoma cheti kwa sauti mbele ya akina mama wote, tukapiga vigelegele. Akasema tugawe Jumatatu baada ya Watakatifu Wote, watoto wote wapimwe uzito kwanza siku hiyo. Mimi sikusubiri Jumatatu. Nilifungua gunia jioni ile ile. Umeandika vijiko viwili, nikampa viwili.

Siku ya nne akakataa uji. Siku ya saba akaanza kutapika. Nilisema ni minyoo, nikasema ni malaria, Sista akampa dawa za malaria. Macho yakawa njano. Na mimi, Hermani, kila alipotapika nilimkorogea tena, kwa sababu niliona nguvu inamwisha na hicho ndicho chakula cha nguvu chenye muhuri. Alikuwa anafumba mdomo. Nilimbana pua ili anywe. Hilo sijamwambia Sulle, na padre naye sijamwambia, nakwambia wewe.

Sasa kopo. Umeniuliza vizuri, umeniuliza kwa heshima, nami nitakujibu. Unga wa ziwa ulikuwa umebaki kopo moja tu. Nilikuwa nimemwekea Konsolata. Ulipoandika nitume unga, nilikwenda kwenye magunia nikachota, nikauangalia. Ule wa bwawani una rangi ya giza, una harufu ya matope, una vijiti. Nikasema, nimpelekee mdogo wangu uchafu huu? Aufungue mbele ya wakubwa zake, waseme dada yake ni mtu wa namna gani? Kwetu mgeni hapewi kibuyu chenye ufa, unajua mwenyewe jinsi Mama alivyotulea. Nikaurudisha. Nikachukua lile kopo la mtoto, nikalipepeta mara mbili, nikalifunga kwa kitambaa cha Pasaka.

Panya wako walikula unga wa mwanangu. Yeye alibaki na wa panya.

Tuliona ni kitu kimoja. Kijani ni kijani. Bwawa lile lilikuwa jipya kwetu, mbolea ya ngano inateremkia humo mvua ikinyesha, ukoga unajaa mpaka ng'ombe hawaoni maji. Tulisema Mungu ametuonea huruma, ziwa limekauka na hapa pamejaa.

Ile barua ya Novemba niliisoma mara mbili. Ile uliyoniambia nifungue mlango. Ningeipata siku zile, Hermani, ningefungua. Nilikuwa nimekasirika na wazee kuliko wewe. Sulle hakuwa ndani mtoto alipofariki, kwa hiyo hakufungiwa. Alikuwa ananiwekea unga wa mahindi kwenye jiwe la mpakani na kurudi nyuma, tunaongea kwa kupiga kelele kama watu wa milima miwili. Miezi minne na nusu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Mwanangu nimemlilia peke yangu, nikizungukwa na magunia manne. Sista alikuja tarehe mbili Novemba na mkokoteni, akawafokea wazee, akasema atayatoa mwenyewe. Akina mama wakajipanga mbele ya uzio, wakamrudisha. Wale wale walioshinda juani kuanika unga, wenye watoto wanaousubiri, walimwambia kilichomo kwenye metimani hakitoki. Nilikuwa nasikiliza mlangoni nikasema, ujinga gani huu!

Januari alirudi bila mkokoteni. Alisimama ng'ambo ya uzio, akatundika rozari yake kwenye mti, akaondoka. Sasa najua alikuwa ameipata barua yako.

Watoto kumi na tisa wako hai. Nimewaona Jumapili kanisani, wembamba vile vile, wanasukumana. Cheti chako kingewaua, na mimi ningekuwa nimeshika kijiko. Waliokolewa na mambo ya babu zetu, kama ulivyoyaita. Nimekaa kwenye benchi la nyuma nikiwahesabu, nikafurahi, na nikawachukia. Mungu anisamehe, niliwachukia wote kumi na tisa.

Sina zaidi. Samahani kwa mwandiko.

Kornelia

&nbsp;

Dar es Salaam, 25 Aprili 1988

Dada Kornelia,

Shikamoo. Safari hii sikuulizi hali.

Umesema ulinitumia unga safi kwa heshima. Nami nikueleze ya kwangu, usibebe peke yako.

Kuna kanuni, dada. Imebandikwa ukutani, naiona sasa hivi ninapoandika. Sampuli inachotwa kila gunia, juu, katikati na chini, na mtu anayechota hachagui. Inaandikwa imetoka wapi na lini. Mzee Joakimu aliniuliza siku ile: "Hii imetoka gunia lipi?" Hilo lilikuwa mojawapo ya yale maswali yake mawili matatu niliyokuandikia kwa mzaha. Nikamjibu imetoka kwa dada yangu. Akacheka, akapiga muhuri.

Nilitaka kukuandikia ile kanuni tangu Julai. Niliiandika kabisa, nikaichana. Nilisema, nitamwambiaje dada yangu mkubwa achote chini ya gunia? Ataona simwamini. Ataona nimesoma nikawa namkagua kama mwizi. Nikaandika kwamba sitakuchosha na maelezo mengi. Basi ni hilo tu. Karatasi moja; ningeituma, ungekasirika siku mbili, na Konsolata angekuwa na miaka minne.

Unga ule ulikuwa safi mno. Nilisifu badala ya kushtuka. Mtu wa kazi yangu akiona kitu hakina hata punje ya mchanga anatakiwa ajiulize kimepita mikono ya nani.

Nimemwambia mzee Joakimu kila kitu. Hakunifukuza. Ingekuwa heri. Alisema cheti kifutwe, na akaniambia jambo ambalo nimeogopa kukuandikia siku zote hizi: bila unga wa magunia yale hatuwezi kuthibitisha. Meneja wa shamba lile ameandikiwa, amejibu kwamba bwawa lake halina tatizo, akina mama ni wachafu wa mikono. Na Xavery anasema ziwa bado halijajaa, na kuna wanawake wameanza tena kuchota ukoga pale bwawani.

Sina haki ya kukuomba kitu. Nakuomba. Kitambaa chako kiko hapa, nimekifua. Nashindwa kukituma.

Hermani

&nbsp;

Mogitu, 6 Juni 1988

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu. Amesema kula samaki kama unataka, ilimradi uje.

Barua yako niliiweka siku nne bila kuijibu. Nilikukasirikia, kisha nikamkasirikia Mama aliyetulea hivi, kisha nikachoka. Sote wawili tulikuwa na adabu nzuri, Hermani. Tungekuwa na adabu mbaya kidogo.

Sulle alitaka kuyachoma magunia. Nimemzuia. Nimekwenda pia bwawani, nikawakuta wale wanawake, nikawaambia kilichomuua mwanangu ni mikono yangu na ukoga huo. Wengine wamemwaga. Wawili wamesema wanasubiri karatasi yenye muhuri, kwa sababu mara ya kwanza karatasi ilisema ni mzuri. Kwa hiyo unaona, hawatakuamini wewe wala mimi, wataamini panya.

Xavery amebeba makopo kumi na mawili. Magunia manne, kila gunia juu, katikati na chini, nimeandika ubavuni kwa mkaa. Kwa yale ya chini ilibidi nizamishe mkono mpaka begani, unga umeshikana, una ukungu, una mavi ya panya wa humu ndani na unanuka. Mkono wangu ulitaka kupepeta. Mara mbili niliushika ungo, mara mbili nikauweka chini. Lilipungua kopo moja, nikatumia kikombe cha bati cha Konsolata, kile chenye alama ya meno yake ukingoni. Hicho ndicho cha gunia nililomlisha, cha chini kabisa. Ukimaliza kukitumia usikirudishe, kaa nacho pamoja na kitambaa.

Nisamehe kwa kukuletea uchafu, mdogo wangu. Safari hii sikuchagua.

Dada yako,
Kornelia